Pua za Watu wa Alambiki

Wiki iliyopita nilimtukana muuza sabuni pale sokoni Nyamianda, na sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimemshika mtoto wangu mkono, kikapu cha ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kichwani, nikasimama kutazama tu. Yule bwana akachana karatasi ya sabuni mpya iliyotoka mbali, akaipitisha chini ya pua yangu bila kuniuliza.

"Nusa, mama. Iko ndimu ya kweli hii."

Haikuwa ndimu. Nilijua kabla hajafunga mdomo. Nikamwambia aondoe uchafu wake usoni pangu, nikaongeza na mengine ambayo siyaandiki hapa. Watu wakacheka. Mama mmoja muuza muhogo akaniita toka ng'ambo ya njia: "Weye mama, unagombana na sabuni? Yenyewe imekukosea nini?"

Imenikosea, rafiki yangu. Ile ilikuwa harufu ya baba yangu, imefungwa ndani ya karatasi yenye picha ya mwanamke wa kizungu anayecheka.

Nilikulia katika kambi ya wafanyakazi upande wa Luberizi, pale uwanda wa Ruzizi unapokwisha na milima inapoanza kupanda kwenda Rurambo. Chini yetu mpunga na ng'ombe, juu yetu mawe na ukungu, na katikati, mteremko mzima, mchaichai. Muzungu mwenye shamba aliuita sitroneli. Sisi tuliuita majani tu, maana kwetu hakukuwa na majani mengine ya kutajwa. Jani la mchaichai lina meno. Ukikatiza shambani miguu mitupu, unatoka na mistari myembamba ya damu, na jasho likiingia humo unaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Mpaka leo nina mistari hiyo miguuni. Mume wangu aliwahi kuniuliza ni ya nini, nikamwambia ni ya shule. Sikudanganya sana.

Asubuhi wanawake walikata, wakatandaza majani juani yanyauke mpaka mchana, kwa sababu jani bichi lililojaa maji linakula kuni bure. Kisha wanaume waliyajaza ndani ya alambiki. Usiogope neno hilo. Alambiki ilikuwa pipa la chuma, refu kuliko baba, lenye maji chini na moto chini ya maji, na kifuniko chenye shingo iliyopinda kama ya korongo. Wanaume wawili waliingia ndani na kuyakanyaga majani, wakiimba, mpaka vichwa vyao vikachomoza ukingoni.

Kazi yangu ilikuwa unga wa kufungia. Nilikoroga unga wa muhogo na maji kidogo mpaka ukawa mgumu kuliko bugali, nikauviringa kama kamba, nikaubandika kuzunguka ukingo wa kifuniko ili mvuke usipate pa kutorokea. Vidole vya watu wazima vilikuwa vinene mno kwa kazi hiyo. Moto ukiwaka, ule unga uliiva polepole, ukakauka, na kazi ikiisha tuliubandua na kuugawana. Tuliuita bugali wa alambiki. Ulikuwa na ladha ya moshi na chuma, na ukiula na ndagala za kukaanga kwa mawese, usiku kucha unacheua mchaichai. Nimekula harusini na matangani tangu siku hizo, sijaonja kitu cha kuulinganisha nao.

Mvuke ulipanda, ukapita shingoni, ukaingia katika bomba lililozamishwa kwenye maji baridi ya kijito, na kule mwisho ukatoka umekuwa maji tena. Juu ya maji hayo yalielea mafuta ya manjano, kidogo sana. Mlima wa majani, kikombe cha mafuta. Baba ndiye aliyekuwa mpishi wa mafuta hayo. Alikaa kwenye kigogo karibu na mdomo wa bomba, amefumba macho, anasikiliza matone. Tii. Tii. Tii. Alijua kwa mlio wake kama ni mafuta yanaanguka au ni maji matupu. Ghafla alifumbua macho na kusema, "Majani yamemaliza maneno," na wenzake wakaondoa kuni. Na chupa zikijaa, kama kuna aliyeziacha nje, sauti yake ilisikika kambi nzima: "Toeni chupa juani! Toeni chupa juani!" Jua linaua mafuta, alisema. Hakujua kwa nini. Alijua tu.

Mama yangu alikufa ningali mdogo, na nyanya, mama yake baba, akapanda kutoka ziwani kuja kunilea. Wiki ya kwanza alitembea amejifunga kikwembe puani. "Nyie munaishi ndani ya chupa!" alilalamika. "Hata chumvi yenu inanuka." Alinusa vyungu, akanusa godoro, akaninusa kichwa, akatikisa chake. Lakini mwezi haukwisha. Siku moja nilimwona amekaa mlangoni, anachambua mchele, pua wazi. Nikamuuliza, "Nyanya, harufu imekwenda wapi?" Akasimama, akavuta pumzi, akashangaa kweli. "Imeisha," akasema.

Haikuwa imeisha. Pua yake ndiyo iliyoisha, kama zetu. Shika jambo hilo, rafiki yangu, usiliachie. Katika kambi nzima hakuna aliyesikia harufu ya mchaichai. Ilikuwa ndani ya maji, ndani ya nguo, ndani ya nywele, na sisi tulijiona watu wasafi tusionuka kitu.

Wengine waliisikia. Shuleni, watoto wa uwandani walitupigia kelele tukiwa bado mbali: "Sabuni wamefika! Sabuni, muje mutuogeshe!" Na alikuwapo jirani mmoja, mama mkulima wa mpunga, wa wale wanaozungumza Kirundi nyumbani, aliyekuja kubadilisha mchele wake kwa kuni zetu. Kila mara alisimama mlangoni kwanza, akavuta hewa kwa madaha, akasema, "Mmh! Watu hawa wananuka hata wakilala!" Kisha alicheka, tumbo zima. Baba alicheka naye. Mimi nilimchukia mama yule kwa moyo wote wa mtoto. Nilikuwa na jibu langu, na nilimpa kila alipokuja: "Na weye unanuka ng'ombe!" Alicheka zaidi.

Mwaka wa Uhuru nilikuwa na miaka minane. Tulichinja mbuzi, tukacheza mpaka vumbi likafunika jua, na kapita, msimamizi wa wafanyakazi, akatembea siku tatu amevaa kofia ya muzungu. Muzungu mwenyewe alipakia mapipa ya mafuta katika lori, akamwambia baba, "Linda kifuniko. Nitarudi." Hakurudi. Wafanyakazi wakaondoka mmoja mmoja. Baba akabaki, akawa anapika kidogo kidogo, pipa moja la majani kwa mwezi, anajaza chupa za kahawia na kuzipanga gizani.

"Unamupikia nani?" nyanya alimuuliza.

"Sipikii mutu. Napika ili alambiki isishike kutu."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Leo nikilikumbuka natamani kumtikisa mabega. Ondoka, baba! Rudi ziwani, kavue ndagala, kanuke samaki kama watu wote!

Miaka minne baada ya Uhuru uasi ulifika. Sitakueleza vita, kuna wanaume wengi wanaopenda kuvieleza. Nakwambia tu kilichofika mlangoni petu. Waasi walikuwa na mganga wao wa kuwanyunyizia dawa ili risasi zisiwapate, na mganga huyo alisikia kwamba kuna mtu upande wetu anayetoa maji yenye nguvu kutoka kwenye majani. Wakaja. Wakamwamuru baba awashe moto. Hakukuwa na mtu wa kumkatalia mwenye bunduki, kwa hiyo baba aliwasha, nikabandika unga wangu ukingoni kama siku zote, na yale maji yanayobaki chini ya mafuta, ambayo sisi tulikuwa tukimwaga au kuogeshea watoto, wakayabeba kwa madumu. Walikuja mara tatu. Wale vijana walikwenda kufa wananuka kama sisi.

Ndipo jeshi liliporudi. Waliotangulia kupita waliturudishia habari: kila mtu wa uwandani ateremke mjini Uvira, atakayebaki nyuma ni muasi. Na kwenye bariyeri, pale jeshi lilipofunga njia kabla ya kuingia mjini, askari wanawanusa wanaume. Mikono, shingo, nywele. Anayenuka dawa hapiti.

Baba alikaa kwenye kigogo chake, akatazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine. Miaka kumi na zaidi ameichovya katika mafuta yale.

"Tutakuosha," nyanya akasema.

Nikaosha. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama siku ile. Niliteka maji kijitoni, nikayachemsha katika chungu kikubwa, kwa sababu baba wa mtu haogeshwi kwa maji baridi, hilo kila mtu kwetu analijua. Nilimsugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa maganda ya muhogo. Nyanya alimnyoa nywele zote. Tulimsugua mpaka ngozi ya mikono ikawa nyekundu, mvuke unafuka mabegani mwake, na yeye ametulia kama mtoto. Tukamvua shati la kazi, tukamvisha shati la kapita mzee lililokuwa limeachwa. Shati lile la kazi nyanya hakulitupa. Alilikunja, akalisindilia ndani ya kopo la maziwa ya unga, akafunga kifuniko, akalichimbia jikoni.

Kisha tukamnusa. Nyanya alinusa mikono, mimi nilinusa shingo, yeye mwenyewe alinusa kwapa zake.

"Hakuna kitu," nyanya akasema.

"Hakuna kitu," nikasema mimi.

Asubuhi, tukiwa njiani na mizigo yetu, tulimkuta jirani yule wa mpunga na watoto wake, naye anateremka. Alimsogelea baba amsalimie. Akasimama. Akavuta hewa. Hakucheka.

"Jirani," akasema, "ungali unanuka."

Na mimi, rafiki yangu, mimi niliyekuwa nimemsugua baba yangu usiku na asubuhi, mimi mtoto wa sabuni, nilimrukia kabla baba hajajibu: "Na weye unanuka ng'ombe! Siku zote unatutukana! Hata leo?"

"Mwana wanje, mwanangu, sikia..." alianza.

"Utuache! Tumemunusa sisi wenyewe!"

Baba akacheka, akaniwekea mkono kichwani. "Umusamehe, jirani. Mutoto amechoka." Yule mama alinitazama, akataka kusema tena, kisha mtoto wake mdogo akalia, akageuka kumbeba. Tukatembea. Naujua urefu wa njia ile hatua kwa hatua, na katika kila hatua tungeweza kusimama.

Foleni ya bariyeri ilikuwa ndefu. Tulifika kesho yake asubuhi, tukasimama mpaka jua likawa juu ya vichwa. Hakukuwa na kivuli. Jasho lilimtoka baba kwenye kichwa kipya kilichonyolewa, likateremka shingoni, likalowesha shati la kapita. Askari wa kwanza, mwenye sigara, alishika mikono yake, akanusa haraka, akasema, "Pita." Nilikwisha kupiga hatua mbili. Mwenzake, aliyekaa kwenye pipa, akainua kichwa kama mbwa.

"Ngoja. Huyu."

Alikuja, akaweka pua yake kwenye shingo ya baba. Alijua Kiswahili.

"Huyu iko muganga wao."

"Hapana, shefu. Minye niko mupishi wa mafuta. Iko kazi, haiko dawa."

"Mafuta ya nani?"

"Ya muzungu."

"Muzungu iko wapi?"

Wakamtoa kando, wakamkalisha chini na wanaume wengine, juani. Nyanya alipiga magoti. Mimi nilipiga kelele kwamba tulimwosha, kwamba hana kitu, wamnuse tena. Baba alinitazama. Sauti yake ilikuwa ileile ya kambini, ya chupa.

"Toka juani, mwanangu."

Hiyo ndiyo ya mwisho. Tulisukumwa mbele. Hatukupewa mwili wala habari. Nyanya alikwenda pale kila asubuhi na bakuli la chakula mpaka bariyeri yenyewe ikaondolewa, kisha akaendelea kwenda mahali ilipokuwa.

Nilisomeshwa na watawa. Katika darasa la nne la lise, sekondari yao ya wasichana, masera wetu wa kemia, mtawa mfupi mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, aliandika ubaoni neno moja: sitrali. Akachora mkia wa kaboni kumi, haidrojeni kumi na sita, na oksijeni moja pale mwisho. Hii, akasema, ndiyo inayonuka ndani ya mchaichai. Imo pia katika ganda la ndimu, lakini kidogo; malkia wake ni mchaichai. Inakuja kwa maumbo mawili, atomi zilezile, ila moja imekunja mkia upande huu na nyingine upande ule. Ulaya wanaichanganya na asetoni, wanaipitisha kwenye asidi, wanapata harufu ya ua linaloitwa violeti. Nikafikiri: mteremko wetu mzima ulikuwa unapelekwa kutengeneza harufu ya ua ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona. Nilicheka kwa uchungu, nikaandika.

Akaendelea. Haiyeyuki katika maji. Inayeyuka katika mafuta na katika pombe. Joto huifanya iruke, ndiyo maana tunaitoa kwenye jani kwa mvuke.

Kalamu yangu ikasimama.

"Masera," nikauliza, "mtu akiwa nayo mwilini, akitaka kuiondoa?"

Alifikiri ni swali zuri. Alifurahi, maskini. "Mafuta yoyote ya kupikia, binti yangu. Paka, futa kwa kitambaa, rudia mara nyingi, kisha sabuni. Maji ya moto peke yake yanaiamsha tu. Na usiamini pua ya aliyeishi nayo. Mwite mtu wa nje akunuse."

Nyuma ya mlango wetu, kambini, kulikuwa na kibuyu cha mawese, nusu. Nilikiona pale darasani kama unavyoona mkono wako. Kilining'inia kwa kamba ya mgomba, rangi ya chungwa, na mafuta yake ndani, juu ya kichwa changu, wakati mimi nachemsha maji. Na mtu wa nje alikuja kwa miguu yake mwenyewe, akatwambia, nikamtukana.

Nilitoka darasani bila ruhusa. Nilipigwa kwa hilo. Fimbo zile sikuzisikia.

Nilipokuwa nanyonyesha, watu walisema hasira yangu itaharibu maziwa ya mtoto. Waache waseme. Nina hasira na askari aliyekuwa na pua nzuri hivyo, na muzungu aliyesema atarudi, na mganga aliyewapa vijana maji ya kuogea wakadhani ni ngao. Nina hasira na masera kwa kuchelewa miaka mitano. Jirani yule wa mpunga nilimtafuta. Wakaniambia alivuka mto na watoto wake, hawakujua alikoishia. Nilitaka kumwambia neno moja tu. Halina pa kwenda.

Kambi nimeiona tena mara moja, kabla ya kujifungua. Nchi imebadilishwa jina, na alambiki imekatwa vipande. Kwenye paa la nyumba mojawapo nililitambua bamba lenye mkunjo wa shingo. Mchaichai umemezwa na magugu, vichaka viwili vitatu vimebaki karibu na kijito. Wachungaji walipita na ng'ombe wa Rurambo, ng'ombe wakala magugu, wakauacha. Niliketi kwenye mawe pale bomba lilipokuwa. Maji ya kijito yalipita tu. Hakukuwa na tone la kusikiliza.

Kopo nililifukua siku hiyohiyo, na ninalo. Nyanya alikuwa amelifunga vizuri. Nilipolifungua mara ya kwanza, rafiki yangu, baba alitoka humo mzima, na moshi wake, na jasho lake. Nililia mpaka mimba ikacheza tumboni. Tangu hapo nimelifungua nikichoka, nikigombana na mume wangu, mtoto akiwa na homa, mvua ikinyesha sana. Na najua nilichokuwa nafanya, maana yale mengine ya masera niliyaazima kwenye daftari la mwenzangu: sitrali haipendi hewa, haipendi mwanga. Ijaze chupa, ifunge, iache gizani. Kila ukifungua, kidogo kinaoza.

Nilifungua. Ungefanyaje wewe?

Siku ile niliyogombana na sabuni, nilirudi nyumbani, nikaweka ndagala chini bila kuziosha, nikalitoa kopo. Nikazamisha uso ndani ya shati. Alikuwamo. Naapa alikuwamo. Mtoto wangu, miaka minne, akaja kusimama kwenye goti langu.

"Mama, unanusa nini?"

"Babu yako."

"Minye pia."

Nikampa. Alivuta hewa kwa nguvu, mashavu yamejaa, kama watoto wanavyofanya. Akatulia. Akanusa tena upande wa kola, kisha kwapani, kwa uangalifu, kama mtu aliyetumwa. Akanirudishia.

"Hakuna kitu, mama. Iko kitambaa tu."

Mkono wangu uliinuka wenyewe kumpiga. Uliinuka mpaka usawa wa sikio lake, na neno lilikuwa tayari mdomoni, lilelile, la njiani. Akanitazama, hakurudi nyuma.

Yeye hakukulia kambini. Pua yake ni nzima.

Nikashusha mkono. Nikamwambia, "Asante kwa kuniambia."